Wanafunzi wa Mama Yangu

Mama yangu alianza kuitwa Mwalimu akiwa na miaka sabini na moja. Kabla ya hapo alikuwa Mama Dong-ha, kwa jina la kaka yangu, na kabla ya kaka yangu kuzaliwa alikuwa mkwe wa nyumba ya juu. Alivyoitwa zamani zaidi ya hapo sijui; waliokuwa wakimwita walibaki upande wa pili wa mlima na wamekwisha kufa. Jina lake ni Pyo Bun-rye. Mimi nililiona mara ya kwanza kwenye fomu ya shule, nikiwa na miaka minane, nikamuuliza baba huyu ni nani.

Aliolewa kijijini Neutgol akiwa na miaka ishirini. Nyuma ya jiko la nyumba yetu kuna jukwaa la mawe, na juu yake mitungi thelathini na mmoja: mikubwa ya mchuzi wa soya, ya kati ya soya nzito, midogo ya pilipili. Bibi, mzaa baba, alimkabidhi mitungi hiyo siku ya tatu baada ya harusi, na hakumsifu hata mara moja mpaka alipokufa. Mama alichemsha soya, akaitwanga, akaifinyanga matofali, akayafunga kwa mabua ya mpunga na kuyaning'iniza mpaka yaote ukungu mweupe. Alisubiri Siku ya Farasi katika mwezi wa kwanza wa kalenda ya zamani, ambamo siku na miaka hupewa majina ya wanyama kumi na wawili; ndiyo siku ya kuloweka matofali katika maji ya chumvi. Siku ya Nyoka hakuna mwenye akili timamu anayeloweka. Jua likitoka alifunua vifuniko, mvua ikinukia alivifunika. Nilimwona mara nyingi akiacha tonge mdomoni na kukimbilia vifuniko.

Mimi nilikatazwa kukanyaga jukwaa. "Toka hapo, kasome," ndiyo maneno yake ninayoyakumbuka kuliko yote. Nikiwa mdogo niliamini kwamba mitungi ni watoto wake wa kwanza, na kwamba mimi na Dong-ha tulikuja baadaye, kwa bahati. Kila asubuhi aliipangusa kwa kitambaa chenye maji, tumbo la huu na tumbo la ule, akiisemesha kwa sauti ya chini. Mimi nilinawa uso mwenyewe.

Basi nikasoma. Nikaenda chuo kikuu Gwangju, nikapata kazi ya maktaba hukohuko, nikaolewa, tukaachana kwa amani, sikupata mtoto. Baba alipoanguka kwa kiharusi na upande mmoja ukafa ganzi, mama alimuuguza miaka tisa, na mitungi akaihudumia vilevile. Baba alipokufa tulimchukua mama kwa nguvu, tukamleta kwangu, ghorofa ya kumi. Akakaa kwenye roshani siku arobaini akitazama mawingu. Wingu jeusi likija, anasimama. Halafu anakumbuka, anakaa.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sina cha kufunika," akasema.

Siku ya arobaini na moja nilimrudisha Neutgol. Nilidhani namrudisha akafie kwake.

Mwaka uliofuata bibi shamba wa wilaya alikula chakula cha mchana kwenye nyumba ya wazee ya kijiji, akauliza mchuzi ule umetoka kwa nani. Akamfuata mama nyumbani. Alikuwa na wanawake kumi wa mjini waliotaka kujifunza, Jumamosi moja tu.

"Niwafundishe nini?" mama akamjibu. "Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza."

"Wafundishe unachofanya."

"Ninachofanya si kitu, mwanangu. Ni mchuzi."

Lakini wakaja. Mmoja wao akauliza kwa nini yai linawekwa kwenye maji ya chumvi, na mama akafungua mdomo, na kwa muda wa saa mbili hakuufunga. Jioni alinipigia simu. Sauti yake sikuitambua.

"Yun-hui, walikuwa wanaandika. Nikisema, wanaandika. Nikanyamaza kidogo niwapime, wakanitazama, kalamu juu."

"Vizuri, mama," nikasema. Nilikuwa nakula tambi mbele ya televisheni. Nilidhani ni habari ndogo.

Baada ya hapo wakawa wanakuja kila mwezi, na bibi shamba akaleta kibao cha mbao cha kuning'iniza getini, kikiwa na jina zima la mama. Simu zake zikapungua. Alipopiga alikuwa na jina jipya mdomoni. Mi-gyeong amesema hivi. Mi-gyeong ameacha kazi ya benki Busan. Mi-gyeong amepanga chumba kwa Bwana Noh, jirani wa pale chini, ili asichelewe asubuhi. Mi-gyeong ana mkono mwepesi. Nilikuwa nasikiliza huku nakunja na kukunjua kona ya gazeti, na siku moja nilipotazama, kona haikuwepo tena.

Nikaenda mwezi wa kumi na moja, wakati wa kuchemsha soya, bila kutoa taarifa. Mbele ya jiko la kuni nilimkuta mwanamke amechuchumaa, amevaa aproni ya maua ya zambarau niliyomnunulia mama mimi.

"Karibu," akaniambia. Ananikaribisha kwetu.

Mama akatoka na ungo mkononi. "Aa, umekuja! Mi-gyeong, huyu ndiye binti yangu, yule wa maktaba."

"Nimekusikia sana," mwanamke akasema, akapangusa mikono. "Wewe wa mwaka gani?"

"Wa Farasi."

"Mimi wa Nyoka."

"Basi kakupita mwaka mmoja," mama akasema na kucheka. "Mwite dada."

Sikumwita dada. Siku nzima nilimwita "samahani."

Nilipoushika mwiko mkubwa wa kukorogea, mama aliniondolea mkononi. "Weka chini, utaungua. Umesafiri, ingia ndani penye joto. Mi-gyeong, mkatie mgeni tufaha." Akajisahihisha. "Mkatie Yun-hui." Lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

Nilikaa sakafuni kwenye joto na sahani ya tufaha lililomenywa vizuri, nikiwatazama kupitia mlango. Mi-gyeong alitia mkono kwenye soya kabla haijapoa, na mama akampiga kiganja kwa mwiko.

"Mkono huu una haraka ya wapi? Una basi?"

"Nilikuwa naupima moto, Mwalimu."

"Umeshajua ni moto. Sasa twanga."

Wakacheka wote wawili, mama mpaka magego yakaonekana. Mimi mama hajawahi kunipiga. Sikujua kama mtu anaweza kumwonea mwingine wivu kwa kuchapwa mwiko.

Nilirudi Gwangju na wivu huo, nikaishi nao majira ya baridi yote kama mtu anayeishi na jino bovu. Niliujaribu kwa ulimi kila siku, kuona kama bado upo. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu mzima, nimesoma, mama ana haki ya kuwa na furaha. Yote yalikuwa kweli na hayakunisaidia.

Katikati ya jukwaa kuna mtungi mdogo mweusi. Humo mnakaa mbegu, mchuzi mkongwe ambao kila mwaka hutiwa kidogo kwenye mchuzi mpya, ili mpya ujifunze ladha ya nyumba. Bibi aliupokea kwa mama mkwe wake, akampa mama. Kwetu mbegu hairithiwi na binti, huenda kwa mke wa mtoto wa kiume. Lakini mke wa Dong-ha yuko Ulsan, ananunua mchuzi dukani kwenye chupa ya plastiki, wala hafichi, na kwa hilo namheshimu. Kwa hiyo nilikuwa na matumaini niliyomficha kila mtu.

Februari nilifika siku moja kabla ya Siku ya Farasi. Kwenye ukuta wa mawe nilimkuta Mama Sang-cheol, jirani yetu, anaanika figili.

"Umefika, Yun-hui? Umesikia mbegu ya bibi yako inahamia Busan?"

"Nani kasema?"

"Mama yako mwenyewe, kwa kinywa chake, nyumba ya wazee. Kesho wakimaliza kuloweka anampa yule wake." Akageuza figili moja, akaigeuza tena. "Siku hizi hata karata hachezi na sisi. Mwalimu ana wanafunzi. Zamani tulikuwa tunasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu wa kwenu kaja na kamba yake, kawafunga wenyeji."

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mama na Mi-gyeong walikuwa wameteremka mjini kufuata chumvi. Jukwaani, kando ya mingine, palisimama mtungi mkubwa kuliko yote, ule ambao mtu mmoja hawezi kuuzungushia mikono, mtupu, umefunuliwa kwa ajili ya kesho. Nikaupanda ule ukingo wa mawe. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, na ilikuwa mara ya kwanza.

Nilifikiri: warudi wakute kazi imefanyika. Mama aone kwamba nami nina mikono. Nikafungua bomba, nikaenda jikoni kuchukua sponji na ile sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ya ndimu. Niliinama ndani ya mtungi mpaka kiunoni, nikausugua pande zote, mara tatu, nikausuuza mpaka maji yakatoka safi na vidole vyangu vikawa vyekundu kama pilipili. Nikaugeuza kifudifudi ukauke juani. Nakumbuka kwamba nilikuwa naimba.

Waliporudi mama aliutazama mtungi kwa mbali, mfuko wa chumvi mgongoni.

"Nani kauosha?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, mama."

Akaja, akaupapasa mgongo wake ulio baridi. "Haya," akasema, na akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipoleta vyeti vya shule. Nililala nikiwa mshindi.

Asubuhi walifika wanawake kumi na wawili, wamejifunga vitambaa vichwani, pumzi zao zikitoka moshi. Mama alisimama mbele ya ndoo ya maji ya chumvi, yai mkononi. Nikamwona kama ninavyowaona wahadhiri. Mgongo wake, ambao kwangu umepinda siku zote, ulikuwa umenyooka.

"Likizama, umeikosea chumvi. Likilala ubavu juu kabisa, umezidisha. Linatakiwa lichungulie kiasi cha sarafu, kama mtoto anayeogopa kutoka kuoga. Nyie wa nyuma, mnaona?"

"Tunaona, Mwalimu."

Kwenye kona ya jukwaa Mi-gyeong alikuwa amewasha mabua na kuuegemeza ule mtungi mkubwa juu yake, kinywa chini, ufukizwe, kama inavyofanywa kila mara kabla ya kutia maji ya chumvi. Nilikuwa karibu naye. Udongo ulipopata moto, harufu ikatoka. Haikuwa ya moshi, ilikuwa ya ndimu.

Mi-gyeong naye aliisikia. Akauinua mtungi kidogo, akaingiza pua, akaushusha taratibu.

"Yun-hui. Jana uliosha na nini?"

"Sabuni."

"Sabuni ya vyombo?"

"Ile ya kijani."

Akafumba macho kidogo. Nikajua kabla hajaniambia. Alinieleza kwa kunong'ona, haraka: mtungi una matundu yasiyoonekana, unapumua, ukiupa sabuni unainywa, na mwakani unaitapika ndani ya mchuzi. Mtungi huoshwa kwa maji na mabua tu. Ni somo la kwanza, la dakika ya kwanza.

"Atakuja sasa hivi," akasema. "Nitamwambia nimeurudia mimi asubuhi, nikakosea chupa. Mimi akinikasirikia si neno, kesho nipo tena."

Kesho nipo tena. Alisema kwa wema, naapa. Na ni wema huo ulionichoma. Alikuwa na mapenzi ya mama mengi kiasi kwamba aliweza kuyatumia kunilipia mimi, na asiishiwe. Ningeweza kunyamaza. Wala sikusema kwa sababu ya ukweli. Nilisema kwa sababu sikutaka awe na kosa langu pia, pamoja na aproni na mwiko na mbegu.

"Mama," nikaita mbele ya wote. "Mtungi nimeuharibu. Jana niliuosha kwa sabuni."

Mama alilitoa yai majini, akalipangusa, akampa mwanamke wa karibu. Akaja. Akawaambia waulaze mtungi, akaingiza kichwa, akakaa humo muda mrefu kuliko unaohitajika kunusa. Alipotoka alikuwa na masizi kwenye paji la uso.

"Miaka themanini," akasema. "Ulitoka tanuri la Bonghwang, ukabebwa mgongoni." Akawageukia wale kumi na wawili. "Nani hapa hajui kwamba mtungi hauoshwi kwa sabuni?"

Hakuna aliyenyanyua mkono.

"Mmoja tu. Na ana digrii."

Wawili watatu wakacheka. Nilitamani mtungi unimeze.

"Msicheke," mama akasema. "Nyie mnajua kwa sababu niliwaambia. Huyu sikumwambia. Nilimfukuza hapa tangu ana miaka minne." Akakohoa kidogo. "Leteni ule mtungi wa tatu kwenye mstari, tutaloweka humo. Matofali machache yatabaki, basi."

Wakaloweka. Walipanga matofali ya soya, wakamimina maji ya chumvi kupitia kitambaa, wakatia kaa jekundu la moto lililolia kama paka, na pilipili kavu, na tende za kwetu nyekundu. Wakafunga kamba ya mabua shingoni mwa mtungi. Mimi nilishika ndoo niliyopewa, nikaishusha nilipoambiwa. Wanawake walipokwenda kula, mama alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, nikakaa pembeni yake.

"Kwa nini wao, mama? Kwa nini si mimi?"

"Wewe ulitaka?"

"Ulinifukuza."

"Nilikufukuza utoke jela." Aliuelekezea kidevu mstari wa mitungi. "Hii ilikuwa jela yangu, mwanangu. Bibi yako alinifungia hapa, mpaka mama yangu akafa sikwenda, kwa sababu ilikuwa wiki ya kuchemsha. Nilikuwa nikiipangusa hiyo mitungi naiambia, huyu mtoto hamumpati. Kila asubuhi nawaambia, huyu hamumpati."

Nilitazama mikono yangu. Hayo ndiyo aliyokuwa akiinong'oneza.

"Sasa mbona unaipenda?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Fanya hivi, fanya vile, basi. Wale wakaja wakaniuliza, kwa nini yai, kwa nini mabua. Nikajikuta najibu. Miaka hamsini najua vitu na sikujua kama navijua." Akajipangusa masizi, yakaenea zaidi. "Ningekuita basi, lakini wewe ulikuwa umeshatoka. Nani anampigia simu mtu aliyetoka jela amwambie rudi, siku hizi pazuri?"

"Na mbegu unampa Mi-gyeong."

"Nampa. Kaifanyia kazi miaka miwili."

"Na mimi?"

"Wewe utaifanyia nini?" Alinitazama bila hasira. "Utaiweka kwenye friji, uwe unaifungua kila ukitaka kulia."

 Ndivyo ningefanya.

Mchana alimpa mbegu mbele ya wote, chupa moja ya kioo, nyeusi, imefungwa kwa kitambaa. Mi-gyeong aliipokea kwa mikono miwili, akainama mpaka kitambaa cha kichwani kikamdondoka, akalia bila aibu. Wenzake wakapiga makofi. Nilipiga nami, tena kwa nguvu, mpaka viganja vikaniwasha. Mama Sang-cheol, aliyekuwa akichungulia ukutani, alinitazama mimi, hakumtazama Mi-gyeong.

Nilipokuwa nafunga begi, mama alisimama mlangoni.

"Jumamosi kuna darasa la wapya. Saa tatu. Uje usichelewe."

"Mimi?"

"Kama hutaki, usije. Na ule mtungi uliounywesha, Mi-gyeong atakuonyesha jinsi ya kuutapisha. Mgongo wangu hauinami tena humo ndani."

Nikaja. Nilifika saa mbili na nusu. Wapya walikuwa watano, wasichana wawili na wajane watatu, na mama aliwasimamisha mbele ya ndoo ya maji ya chumvi, mgongo wake umetugeukia. Mimi nilitakiwa kwenye kona, kwenye mtungi mkubwa, pamoja na Mi-gyeong. Tuliujaza maji mpaka mdomoni. Baada ya muda ikatokea juu pete nyembamba ya povu, nikanyoosha mkono na mabua niisugue.

"Acha," akasema Mi-gyeong, akaushika mkono wangu. "Hausuguliwi, unasubiriwa. Tutayamwaga kesho, tutayajaza tena. Labda wiki tatu. Labda mwaka huu mtungi utawekewa mchele tu, si mchuzi."

Mkono wake ulikuwa mgumu kuliko wangu, na una makovu madogo ya moto. Sikuuondoa wangu, ingawa nilitaka. Kule mbele mama alikuwa anasema jambo, na wale watano walikuwa wanaandika. Upepo ulikuwa unavuma upande wao na sikusikia chochote isipokuwa kicheko.

"Anasema nini?" nikauliza.

Mi-gyeong hakuhitaji kusikiliza. Alisogea karibu na sikio langu, akaanza kuninong'oneza maneno ya mama, neno kwa neno, kuanzia kwenye chumvi, nami nikatoa kalamu.